Kanyaga Breki, Yasmin

Mwinyijuma Seifu amefundisha watu kuendesha magari kwa miaka kumi na minne, kwenye chuo cha udereva kilicho hatua chache kutoka kituo cha Kwa Mathias, na kwa muda wote huo aliamini kwamba hakuna kitu chenye magurudumu kinachoweza kumshinda. Gari dogo, lori, bajaji, mkokoteni wa maji, toroli la mafundi: mpe dakika tano akitazame, atakwambia uzito umeegemea wapi, kitapinduka kwenye kona ya namna gani, na kosa litakuwa la nani. Aliyasema hayo kwa wanafunzi wake, kwa mkewe, na kwa mafundi waliokuwa wakihangaika na toroli lao wenyewe bila kumwomba ushauri. Siku hizi ameacha kuyasema. Ukimuuliza kwa nini, atakuonyesha kiganja cha mkono wa kushoto, penye kovu mfano wa kiazi kilichomenywa na mtu mwenye haraka, kisha atacheka kabla yako, ili usipate raha ya kutangulia.

Kovu hilo alilipata Kisarawe, Jumamosi moja ya mwezi wa saba, kwenye mashindano ya kwanza ya bintiye Yasmin.

Yasmin ana miaka kumi, yuko darasa la nne, na ni kitinda mimba. Mwaka jana mama yake, Hajira, alimtuma kwa Telesphory, fundi wa kuchomelea mageti huko huko Misugusugu wanakoishi, akachukue komeo la mlango wa uani. Komeo lilifika nyumbani baada ya muda wa saa tatu, limebebwa na mtoto mwenye magoti yaliyochunika na macho yanayong'aa. Ikajulikana kwamba Telesphory, aliyetoka Bukoba akiwa kijana na kukaa Dar miaka kadhaa kabla ya kuhamia Kibaha, alijifunza huko mchezo wa skeitibodi, ule ubao mfupi wenye magurudumu manne madogo ambao mtu husimama juu yake akateleza nao. Alikuwa amemwaga sakafu ya zege nyuma ya karakana yake, akaunda vijimlima viwili vya mbao, na kila jioni baada ya kazi watoto wa mtaa walipokezana mbao zake tatu.

Mwinyijuma alikataa papo hapo.

"Hicho chombo hakina breki," alisema. "Hakina honi. Hakina taa. Hakina hata mahali pa kushika."

"Si wewe uliyesema mtoto anashinda kwenye simu?" aliuliza Hajira. Hajira ni mwalimu wa shule ya msingi, na ana tabia ya kukumbuka ulichosema.

"Nilisema acheze nje. Sikusema avunjikie nje."

Lakini alikwenda kuangalia, akiwa na nia ya kumpa Telesphory somo fupi la usalama. Alimkuta binti yake amesimama juu ya kijimlima cha mbao, kofia ngumu ya fundi imemfunika mpaka kwenye nyusi, na kabla baba mtu hajafungua mdomo, mtoto akajiachia. Alishuka, akainama, akakata kona kulizunguka pipa la maji, akarudi pale pale alipoanzia akiwa bado wima. Mwinyijuma alisahau somo. Alikaa juu ya tofali mpaka adhana ya magharibi, na alipofika nyumbani akamwambia mkewe kwamba mtoto amerithi kitu. Hakusema amerithi kwa nani. Hajira alikuwa anasonga ugali, naye hakuuliza.

Miezi ikapita hivyo, kisha Telesphory akaja na habari. Kisarawe mjini kutakuwa na mashindano ya skeitibodi ya watoto walio chini ya miaka kumi na miwili, wa kutoka Kibaha, Kisarawe na Dar. Aliketi sebuleni, akanywa chai, akaeleza utaratibu kwa robo saa nzima, na Mwinyijuma akatikisa kichwa kila ilipohitajika. Ukweli ni kwamba baada ya neno "mashindano" hakusikia lingine. Kichwani mwake tayari kulikuwa na mstari mweupe wa kuanzia, mstari mweupe wa kumalizia, na Yasmin katikati akiwaacha watoto wa Dar nyuma wakila vumbi.

Kuanzia Jumapili iliyofuata, chuo kikiwa kimefungwa, alimpeleka mtoto kwenye uwanja wa mazoezi ya magari. Akapanga koni kumi na mbili. Akachora mistari kwa chokaa. Akashika simu ya kupimia muda.

"Kona unaisoma kabla hujaifikia," alimfundisha. "Na ukitaka kukata kushoto, nyoosha mkono wa kushoto, ili aliye nyuma yako ajue."

"Nyuma hakuna mtu, baba."

"Wewe nyoosha."

Yasmin akanyoosha. Alipopumzika, amekaa juu ya ubao wake na kunywa maji, alijaribu kusema jambo.

"Baba, lakini mjomba Telesphory alisema kwamba..."

"Mjomba Telesphory anachomelea mageti. Wewe umeona wapi geti lenye magurudumu?"

Yasmin alifikiri. Yapo mageti ya kusukuma, yenye magurudumu chini, na Telesphory alikuwa ametengeneza mawili mwezi ule ule. "Mengine yanayo," alisema.

"Rudi kwenye mstari," alisema Mwinyijuma.

Akarudi. Jumapili tatu mfululizo alizunguka koni, akinyoosha mkono wa kushoto, akinyoosha wa kulia, na kila alipofika mwisho baba yake aliruka juu na kusoma sekunde kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

Katikati ya wiki, Mwinyijuma alikuwa na kazi nyingine, ya kuwapa watu taarifa. Aliandika kwenye kundi la wasapu la ukoo. Aliandika kwenye kundi la majirani, ambalo lilianzishwa kwa ajili ya wizi wa mita za maji. Aliandika kwenye kundi la wanafunzi wake wa zamani, watu mia moja na zaidi, baadhi yao madereva wa mabasi ya mikoani. Pale chuoni, katibu muhtasi wao, Laurensia, alifika mahali akainua kalamu.

"Mwalimu, hiyo umeniambia mara nne tangu asubuhi. Nimeshaamini."

Kisha akachapisha fulana. Sita, za kijani kibichi, na kifuani maandishi makubwa meupe: TIMU YASMIN, WA KWANZA KUFIKA. Hata yeye, anapolikumbuka hilo, husema kwamba laiti mtu aliyezichapa angekuwa mlevi akakosea herufi zote, ingekuwa heri.

Alimpigia simu pia mama yake, Bi Mwamini, anayeishi Chole, mbali huko ndani ya Kisarawe, ambako bado analima mihogo yake na kuokota korosho zake bila kutaka msaada wa mtu.

"Mama, mjukuu wako anashindana Jumamosi, Kisarawe mjini. Mashindano ya ubao."

"Kibao?" Bi Mwamini aliuliza. "Kibao cha mbuzi? Siku hizi watoto wanashindana kukuna nazi?"

"Si kibao cha mbuzi, mama. Ubao wa magurudumu."

"Cha magurudumu! Sasa nazi wanaikunia wapi?"

Maelezo yalichukua muda. Mwishowe Bi Mwamini alisema hajaelewa hata kidogo lakini atakuja, kwa sababu Yasmin ni mke mwenzake, na mke mwenza haachwi peke yake kwenye shughuli.

Siku ikafika. Hajira alikuwa na semina ya walimu, hivyo hakuweza kwenda. Alimbusu mtoto, akamwangalia mumewe aliyesimama mlangoni na fulana ya kijani, miwani ya jua na filimbi shingoni.

"Baba Yasmin, huko kaa kwenye kiti," alisema.

"Nitakaa wapi kwingine?"

Walikwenda kwa gari la chuo, lile lenye kibao cha L juu ya paa, Mwinyijuma akiendesha kwa adabu zote, Telesphory pembeni yake, na Yasmin nyuma amekumbatia ubao. Walishuka Barabara ya Morogoro, wakazungukia Pugu, wakapanda kilima mpaka Kisarawe mjini. Njia nzima Mwinyijuma alitoa mawaidha ya mwisho: kutoka mapema, kutotazama nyuma, kuvuta pumzi kwa pua. Telesphory mara mbili alifungua mdomo, na mara zote mbili Yasmin akamgusa bega kutoka nyuma, akafunga.

Mashindano yalikuwa kwenye uwanja wa sakafu wa mpira wa kikapu. Kamba ilikuwa imezungushwa kotekote, viti vya plastiki vimepangwa upande wenye kivuli, spika inapiga muziki. Bi Mwamini alikuwa ameshafika tangu asubuhi, kwa pikipiki ya jirani, na alikuwa amekalia kiti cha mbele kabisa. Mwanawe alipompa fulana aliivaa hapo hapo, juu ya baibui, akaivuta chini ikakaa sawa.

Mwinyijuma alitembea kuukagua uwanja, mikono nyuma, kama anavyoukagua kila anapomtahini mwanafunzi. Kulikuwa na milima ya mbao upande huu na ule, boksi pana katikati, na bomba la chuma lililolazwa juu ya miguu mifupi. Alizunguka mara moja. Akazunguka mara ya pili. Kisha akaenda kwenye meza ya waamuzi, ambako dada mmoja mwenye nywele fupi na kipaza sauti alikuwa anapanga majina. Kitambulisho chake kilisema Stellamaris, Mwamuzi Mkuu.

"Habari za asubuhi, dada. Samahani, mstari wa kumalizia uko wapi?"

"Nzuri, baba. Wa kumalizia nini?"

"Mbio. Mtoto akifika wapi ndiyo amefika?"

Stellamaris aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu mwenye heshima, na Mwinyijuma anamshukuru mpaka leo kwa namna alivyojitahidi.

"Hakuna mbio, baba. Kila mtoto anaingia peke yake, anapewa sekunde arobaini na tano, anaonyesha mitindo yake. Anaruka, anageuka, anapanda hapa, anashukia pale. Sisi tunatoa alama. Anapata nafasi mbili, tunachukua ile nzuri zaidi. Hakuna anayefika popote."

Baada ya kusema hivyo, macho yake yakashuka kwenye kifua cha Mwinyijuma, yakasoma, yakapanda tena juu haraka. "Karibu sana," aliongeza.

Mwinyijuma alitembea mpaka alipo binti yake. Yasmin alikuwa chini, anafunga pedi za magoti.

"Ulijua kwamba si mbio?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mjomba Telesphory alivyokuja kutueleza. Na wewe ulikuwepo, baba. Ulikuwa unatikisa kichwa."

"Sasa Jumapili zote zile, koni zote zile, mbona hukuniambia?"

Yasmin alivuta mkanda wa pedi, akaubana. "Nilianza kukwambia," alisema. "Halafu nikaona unafurahi sana. Nikasema basi, mazoezi yenyewe nitafanya jioni kwa mjomba."

Mwinyijuma amewahi kugongwa na mwanafunzi aliyekosea kati ya mafuta na breki. Amewahi kutumbukia mtaroni akiwa amekaa kiti cha mwalimu, abiria wa basi zima wakimtazama. Lakini husema hapo ndipo alipojihisi mdogo kuliko siku zote za maisha yake. Mtoto wa miaka kumi alikuwa ametumia Jumapili tatu kumfurahisha. Aliinama, akamfunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Kisha akaenda nyuma ya gari kugeuza fulana, ndani ikawa nje. Haikusaidia. Kitambaa kilikuwa chepesi, na sasa maandishi yalionekana vilevile, ila yakisomeka kinyumenyume, hivyo hata wale ambao wasingejisumbua kusoma walisimama kuyatafakari. Alipomwomba mama yake naye avue, Bi Mwamini alikataa.

"Kwa nini nivue? Nimepewa na mwanangu."

Watoto walikuwa tisa. Yasmin alikuwa wa nne kuingia. Jina lilipoitwa, alisogea mpaka ukingoni, akasukuma kwa mguu mara tatu, akaupanda mlima wa kwanza. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Aligeuka juu kabisa, akashuka kwa kasi kuelekea kwenye boksi la katikati, magoti yamekunjwa, mikono imetanuka kidogo.

Sasa, mwalimu wa udereva hukaa kushoto, na chini ya mguu wake kuna breki yake mwenyewe. Miaka kumi na minne mguu wa kulia wa Mwinyijuma umeishi juu ya breki hiyo. Hubonyeza akiwa kwenye gari la shemeji yake, hubonyeza akiwa kwenye basi, Hajira anasema hubonyeza hata usingizini. Alipoona binti yake anakwenda bila kupunguza mwendo na lile boksi halisogei, mguu ukakanyaga sakafu kwa nguvu, ukakuta sakafu, na mdomo ukamalizia kazi.

"Kanyaga breki! Yasmin! Kanyaga breki!"

Bahati mbaya muziki ulikuwa umesimama. Sauti ilifika kila pembe. Mtoto mmoja upande wa pili akauliza, kwa nia njema kabisa, "Breki yake iko wapi?" Watu wakaangua kicheko. Yasmin, ambaye amefundishwa kwao kwamba baba akiita unageuka, akageuka.

Gurudumu la mbele likagonga ukingo wa boksi. Mtoto akaruka upande mmoja, ubao ukaenda upande mwingine.

Mwinyijuma aliruka kamba. Neno la Hajira kuhusu kiti halikumjia akilini hata kidogo. Alikimbia huku anapuliza filimbi, hajui kwa nini anaipuliza, na hakuona kwamba ubao wa Yasmin ulikuwa unamjia taratibu, umeelekea kwake moja kwa moja kama mbwa anayemfahamu. Mguu wake wa kulia ukatua juu yake.

Kuhusu umbali aliosafiri kuna maoni tofauti. Yeye anasema mita sita. Telesphory anasema mbili. Wanachokubaliana ni kwamba alikwenda, kwamba kwa sekunde moja alikuwa amesimama vizuri kabisa kwa mguu mmoja, filimbi mdomoni, na kwamba watu walianza kupiga makofi. Kisha ubao ukaendelea na safari na yeye akabaki. Alitanguliza mkono wa kushoto.

"Na huyo ni mshiriki wa ziada," kipaza sauti kikasema, "kutoka Kibaha."

Alipofumbua macho, aliona uso wa Yasmin juu yake, kofia ngumu imeenda upande. Mtoto alikuwa mzima. Alikuwa ameshanyanyuka muda mrefu.

"Baba, umeumia?"

"Hapana," alisema Mwinyijuma, damu inamtiririka kiganjani.

"Unaanguka vibaya. Hatutangulizi mkono, tunaviringika na bega." Alisema hivyo kwa upole, kama anavyosema mwalimu aliyezoea wanafunzi wazito. Kisha akamshika chini ya kwapa, Telesphory akashika kwapa la pili, wakamtoa nje ya kamba. Mtu wa huduma ya kwanza akamfunga kitambaa na kumwambia kidonda kinataka kushonwa baadaye.

Mwinyijuma alikaa chini kivulini. Hakujali tena fulana. "Mimi ndiye niliyekuangusha," alimwambia mwanawe.

"Ndiyo," alisema Yasmin, ambaye si mtu wa kudanganya. "Uliponiita niligeuka."

"Nisamehe, mama."

"Haya."

"Nikakae kwenye gari? Nafasi yako ya pili niisikilizie kule?"

Yasmin alilifikiria jambo hilo kwa uzito uliomuuma baba yake kuliko kiganja. "Usiende," alisema mwishowe. "Kaa na bibi. Ila usiseme kitu."

Akakaa na bibi. Bi Mwamini alimshika kifundo cha mkono mzima, akakibana kama anavyokamata kuku wa kuchinja. Alikuwa amefuatilia yote, na alikuwa na swali moja.

"Wewe umepewa alama ngapi?"

"Mimi sishindani, mama."

"Ahaa. Nilidhani."

Nafasi ya pili ilikuja baada ya nusu saa. Yasmin alisimama ukingoni, hakutazama upande wao. Akasukuma mara tatu. Akapanda, akageuka juu, safari hii akashuka ametanguliza mgongo, watu wakasema "eeh!" Akauzunguka uwanja akikata kona ndogo ndogo. Akaelekeza ubao kwenye boksi la katikati. Mguu wa Mwinyijuma ukaanza kubonyeza sakafu, na Bi Mwamini, bila kumtazama, akaukanyaga kwa kandambili yake na kuubakiza hapo. Mdomo akauziba kwa bandeji. Kilichobaki ni macho, na hayo aliyafumba mwenyewe.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba mtu aliyewatangazia watu wa makundi matatu ya wasapu hakuona kitu chenyewe. Alisikia magurudumu, kisha akasikia kimya, kimya kirefu kiasi cha kumaliza kisomo kifupi, kisha mlio mmoja wa mbao, kisha kelele. Alipofumbua macho, Yasmin alikuwa upande wa pili wa boksi, anayumba, mikono inapunga hewa kama anafukuza nyuki, lakini yuko juu ya ubao. Kengele ya muda ikalia. Mtoto alitupa kofia, akamrukia Telesphory, na Telesphory, mwanaume mwenye mikono ya chuma, alikuwa anafuta machozi kwa pindo la fulana ya kijani.

"Umeona, baba? Umeona?" Yasmin alikuja mbio.

Hapo alikuwa na nafasi ya kudanganya, na anakiri kwamba aliifikiria.

"Nilifumba macho," alisema.

Yasmin alimwangalia. Halafu akacheka mpaka akakaa chini. Walimwonyesha kwenye simu ya Telesphory, mara tisa: mtoto anafika kwenye boksi, anakanyaga mkia wa ubao, ubao unanyanyuka naye kana kwamba umegundishwa miguuni, vyote viwili vinapita hewani na kutua. Mwezi mzima alikuwa anaujaribu mruko huo kwa Telesphory, na hakuwahi kutua hata mara moja.

Matokeo yalisomwa saa nane. Mshindi alikuwa msichana wa hapo hapo Kisarawe, Zawadi, aliyeteleza kana kwamba sakafu ni ya mama yake. Yasmin alikuwa wa sita. Mwinyijuma alijiandaa kumfariji, akatafuta maneno, akakuta mtoto anacheza muziki katikati ya uwanja na huyo huyo Zawadi.

"Wa sita," alimwambia alipomfikia, kwa sauti ya msibani.

"Baba, nimetua!" alisema Yasmin. "Hujaelewa? Nimetua!"

Alielewa, lakini ilimchukua muda. Bi Mwamini yeye hakuhitaji kuelewa. Alipanda pikipiki kurudi Chole akiwa bado na fulana yake, na kule, mpaka leo, kijiji chote kinajua kwamba Yasmin alikuwa wa kwanza kufika. Imeandikwa.

Simu ya Mwinyijuma ilikuwa inatetemeka mfukoni tangu saa tano. Watu waliuliza, amekuwa wa ngapi? Lakini hawakungoja jibu, kwa sababu video ilikuwa imeshawafikia, na haikuwa ya Yasmin. Kwenye kundi la wanafunzi wa zamani, dereva mmoja wa basi la Mbeya aliandika: "Mwalimu, hukuangalia kioo cha pembeni." Mwingine: "Mwalimu, mkono wa ishara mbona hukunyoosha?" Laurensia aliandika kwamba Jumatatu wanafunzi watatu wapya wanataka wafundishwe na yeye tu. Mwinyijuma aliandika kwa kidole kimoja cha mkono mzima: "Yasmin wa sita. Ametua." Hakuna aliyejua maana yake, na hakueleza.

Kabla ya kurudi Kibaha walipitia zahanati kushonwa kile kiganja. Telesphory alibaki nje na gari. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoteremka puani, alifungua daftari.

"Jina?"

"Mwinyijuma Seifu."

"Umri?"

"Arobaini na saba."

"Umeumiaje?"

Mwinyijuma alitazama dari. Palikuwa na majibu kadhaa ya heshima. Angeweza kusema kazini, angeweza kusema ngazi. Yasmin alikuwa amesimama pembeni yake, ubao kwapani, anamsubiri.

"Nimeanguka kwenye skeitibodi," alisema.

Kalamu ilisimama. Muuguzi alimtazama mtu mzima yule, ndevu zenye mvi, fulana iliyovaliwa nje ndani, filimbi. "Skeitibodi," alirudia, akiandika polepole.

"Ndiyo mara yake ya kwanza," alieleza Yasmin, kumtetea.

"Na wewe, mwanangu? Wewe nawe unacheza?"

"Mimi nimekuwa wa sita."

"Hongera. Wa sita kati ya wangapi?"

"Tisa," alisema Yasmin, kisha akamwangalia baba yake na kurekebisha hesabu. "Ukimweka na baba, kumi."